Simu ya Upepo, Kutoka Bukoba Hadi Nemba

Mnamo Juni 22, 1915, askari wa Kiingereza waliotoka Kisumu kwa meli walishuka ufukweni, kaskazini kidogo ya mji wa Bukoba. Hawakufuata kahawa ya Wahaya wala boma la Mjerumani. Walifuata mlingoti. Kabla ya vita Wajerumani walikuwa wamesimamisha vituo vya simu ya upepo Bukoba na Mwanza, na kwa vituo hivyo pembe hii ya koloni ingeweza kupasha habari na kuomba msaada bila kungoja tarishi. Siku ya pili mji ukatekwa na kituo kikavunjwa, kisha askari wakageukia nyumba na maduka wakapora walichoweza kubeba. Miongoni mwao alikuwamo Frederick Selous, mwindaji aliyevuma Afrika nzima, mzee wa miaka 63 aliyejiunga na kikosi cha watu wa umri wake na wa kila aina.

Nimeanzia huko kwa sababu habari za redio za huduma za dharura, yaani za polisi, zimamoto, magari ya wagonjwa na askari wa hifadhi, husimuliwa siku hizi kama habari za vifaa tu. Cha zamani kilikuwa analojia, kipya ni cha dijitali, na mazungumzo yake yamefumbwa mtu wa nje asiyaelewe. Katika mkoa wa Kagera, hasa kusini na magharibi kunakokaa wilaya za Biharamulo na Ngara, swali limekuwa lilelile tangu mlingoti wa Bukoba: nani anasikia, na nani anaachwa nje.

Nemba ni kata ya Biharamulo. (Kuna Nemba nyingine Rwanda, kwenye kituo cha mpaka wa Burundi. Wenye malori wanaijua, na haihusiani na hii.) Kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita, ujumbe wa dharura kwenda boma la Biharamulo, lile jengo la Mjerumani ambalo bado limesimama, ulikwenda kwa miguu au kwa baiskeli. Sina la kuongeza hapo. Aliyefika mapema alipona, aliyechelewa alizikwa.

Redio ilirudi kwa nguvu kupitia hospitali. Mwaka 1957 madaktari watatu wa upasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, walianzisha shirika la madaktari wanaoruka kwa ndege ambalo leo tunaliita Amref, makao yake Nairobi. Ndege peke yake haikufaa kitu kama hakuna wa kuiita. Kwa hiyo ukajengwa mtandao wa redio za masafa ya HF, na hospitali za misheni na za serikali zilizokuwa mbali na lami zikaunganishwa nao.

Inafaa kueleza mitambo hii, maana ndiyo iliyoamua mambo mengi baadaye. Mawimbi ya HF hupanda juu, yakagonga tabaka la anga na kurudi ardhini mamia ya kilomita mbali. Hayajali mlima. Ubaya wake ni kwamba yanabadilika na jua: masafa yanayosikika asubuhi hukwama jioni, na sauti huja na mvumo kama wa mvua juu ya bati. Mawimbi ya VHF ni safi zaidi, lakini huenda moja kwa moja na hufika pale antena inapopaona tu. Ngara ni nchi ya vilima. Redio ya mkononi ya VHF iliyo bondeni haimpati mtu wa bonde la pili, mpaka uweke juu ya kilima mtambo wa kupokea na kurusha upya.

Chumba cha redio cha miaka ile kilikuwa na vitu vichache. Juu ya meza palikaa sanduku la chuma lenye kitufe cha kuzungusha, na chini yake betri ya gari, iliyochajiwa kwa jenereta au baadaye kwa sola. Palikuwa na kipaza sauti chenye kitufe ubavuni, na daftari lililopigwa mistari: saa, anayeita, anayeitwa, ujumbe. Nje, waya mrefu ulitandazwa kati ya miti miwili. Kila kituo kilikuwa na saa yake ya kuitwa. Kituo kikuu kinaita, kinasema "ova", kinaachia kitufe na kusubiri. Wakati huo wote wengine walio kwenye masafa yale wanasikia: mgonjwa ni wa wapi, anaumwa nini, dawa gani imekwisha.

Leo tungesema siri ya mgonjwa imevunjwa, na ni kweli imevunjwa. Lakini usikivu huo ulikuwa na kazi. Kama kituo kikuu hakikumpata mwitaji kwa sababu ya hali ya hewa, kituo cha katikati kilidaka maneno na kuyapeleka mbele. Mganga asiyehusika alijifunza ugonjwa kwa kusikiliza wenzake wakishauriana. Mtandao mzima ulikuwa shahidi wa kila ombi, na ilikuwa vigumu kwa mtu kusema baadaye kwamba hakuitwa.

Jeshi, bila shaka, halikutaka mashahidi. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuishika sehemu ya kaskazini ya mkoa huu, uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi kabla haujapewa jina la Kagera. Novemba 2 Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa vita. Katika vita ile makamanda walijulikana hewani kwa majina ya kificho. John Butler Walden alikuwa Black Mamba, Silas Mayunga alikuwa Mti Mkavu. Majina hayo yakashika kuliko ya ubatizo, na wapo waliopigana chini yao ambao hadi leo hawataji jina lingine. Ufichaji wa namna hiyo ni wa bei nafuu, kwani hauhitaji chombo chochote ila kichwa cha anayesema na cha anayesikia. Ubovu wake ni huohuo: adui akikaa akasikiliza wiki nzima, ataanza kumjua Mamba ni nani.

Halafu ukaja mwaka ambao uliigeuza Ngara, wilaya ambayo wengi hawakuwahi kuisikia, kuwa habari ya dunia.

Kuanzia Oktoba 1993, baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Bujumbura, Warundi walikuwa wameshaanza kuingia kwa makundi. Ndiyo maana Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilikuwa na watu na magari eneo hili pale mauaji ya kimbari yalipoanza Rwanda Aprili 1994. Alhamisi ya Aprili 28 watu wakaanza kumiminika kwenye daraja la Rusumo, mpakani mwa Rwanda na Ngara. Katika muda wa saa ishirini na nne hivi walivuka watu wanaokadiriwa kuwa 250,000. Walielekezwa Benaco, mahali palipopewa jina na kampuni ya Kiitaliano iliyojenga barabara, ambapo palikuwa na bwawa. Kwa siku chache pakawa mji mkubwa kuliko mji wowote wa mkoa, bila choo, bila soko, bila polisi wa kutosha.

Namna gani watu wachache wanauendesha mji wa namna hiyo? Kwa redio. Simu ya waya haikuwa ya kutegemewa na simu ya mkononi haikuwapo huku. Kila gari la mashirika lilibeba HF, na ule ufito mrefu wa antena uliofungwa kwenye bampa ukawa alama ya kulitambua gari la wahudumu wa wakimbizi kwa mbali. Wafanyakazi walining'iniza redio za VHF kiunoni. Lori la maji limekwama, kipindupindu kimeshukiwa katika kitalu fulani, wanamgambo wamemzingira mtu, vyote vilipita hewani. Madereva na wapokea simu, wengi wao vijana wa Kitanzania, walijifunza kutaja herufi kwa Alfa, Bravo, Charlie, na kutotaja jina la mtu hewani. Jina lingeweza kumwua mwenye jina.

Hilo la mwisho si chumvi. Kambi za Ngara zilikuwa na waliokimbia panga pamoja na waliokuwa wameshika panga. Wote walikuwa wametoka katika nchi ambamo kituo cha redio cha RTLM, kilichoanza kurusha matangazo Julai 1993, kilisoma hewani majina ya watu na mahali walipo ili wasakwe. Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, vigogo wa kituo kile, pamoja na Hassan Ngeze wa gazeti la Kangura. Mtu aliyekaa Benaco hakuhitaji kusubiri hukumu hiyo kujua kwamba neno lililotamkwa hewani lina miguu.

Hata hivyo kambini palihitajika redio ya kusikika na kila mtu. Watoto walipoteana na wazazi darajani. Nani yuko Benaco, nani yuko kambi ya Lumasi, mgao wa chakula ni lini, maji yapi yachemshwe? Mwaka 1995 Wajesuiti wanaohudumia wakimbizi wakafungua Redio Kwizera, ikizungumza Kiswahili, Kirundi na Kinyarwanda. Kwa hiyo Ngara ikawa na hewa mbili kwa pamoja, moja ya wahudumu, yenye majina ya kificho na daftari, nyingine ya watu wote. Naona mpangilio ule, uliozaliwa katika shida na bila mchoro wa mhandisi yeyote, ulikuwa na akili kuliko mipango mingi iliyoandikwa baadaye. Desemba 1996 serikali iliagiza Wanyarwanda warudi kwao kabla ya mwaka kwisha, na barabara ya Rusumo ikajaa tena, safari hii kuelekea magharibi.

Wanyarwanda walipoondoka, mashirika mengi yalifungasha milingoti yao. Bunduki zilizovuka mpaka hazikufungashwa. Mapori ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yakawa jina la kutisha kwa abiria. Mabasi yalikusanywa yakasindikizwa na polisi wenye silaha, na dereva aliyekuwa na haraka alijua kuondoka peke yake ni kamari. Julai 2013 Rais Jakaya Kikwete, akiwa ziarani Kagera, aliwapa majambazi na wahamiaji haramu wiki mbili wajisalimishe au waondoke. Septemba ikafuata Operesheni Kimbunga ya kuwasaka, iliyolalamikiwa sana kwa namna baadhi ya watu walivyotendewa.

Askari anayesindikiza basi ndani ya pori ana shida ambayo redio ya analojia haiwezi kumtatulia. Yeyote mwenye redio ya masafa yaleyale anaweza kumsikia msafara umefika wapi. Tena kilima kikikaa kati, hata mwenzake hamsikii. Yaani anasikika na asiyetakiwa na hasikiki na anayetakiwa. Hapo ndipo ahadi ya dijitali inapoingia.

Watanzania wengi walilijua neno dijitali kwa mara ya kwanza kupitia ving'amuzi, pale matangazo ya televisheni ya analojia yalipoanza kuzimwa Dar es Salaam, Desemba 31, 2012. Waliona picha safi, na waliona pia kwamba mawimbi yakipungua picha haififii pole pole kama zamani bali inaganda na kupotea. Redio ya dijitali ina tabia hiyohiyo. Sauti hugeuzwa kuwa tarakimu, ikatumwa, ikageuzwa tena sauti upande wa pili. Mpaka kiasi fulani cha udhaifu wa mawimbi unasikia vizuri kabisa, bila mvumo. Ukipita kiasi hicho husikii chochote. Mzee aliyezoea HF alijua kwa mvumo kwamba anaelekea kupotea. Kijana wa dijitali hushtukia kimya.

Faida zake ni kubwa. Katika mfumo wa DMR, uliowekewa viwango Ulaya mwaka 2005, njia moja ya mawimbi hugawanywa kwa zamu za muda, ikabeba mazungumzo mawili mahali pa moja. Redio inaweza kutuma mahali ilipo. Ikiibiwa, inaweza kuzimwa kutoka kituoni. Na tarakimu, tofauti na sauti, zinaweza kuchanganywa kwa ufunguo wa siri, hivi kwamba asiye na ufunguo anasikia upuuzi mtupu. Mfumo mwingine, TETRA, ulioanza katikati ya miaka ya 1990, ndio uliopendwa na polisi wengi duniani kwa sababu hiyo.

Lakini kufuli nayo ina mtengenezaji wake, na mtengenezaji ana akili zake. Julai 2023 watafiti wa kampuni ya Kiholanzi ya Midnight Blue walitangaza waliyoyakuta ndani ya TETRA. Moja ya kanuni zake za ufichaji, TEA1, iliyokusudiwa kwa wateja wa nje ya vyombo vya usalama vya Ulaya, ilikuwa na ufunguo wenye urefu wa biti 80 kwenye karatasi. Ndani ya mashine ufunguo huo ulipunguzwa hadi biti 32, kiasi ambacho kompyuta ya kawaida hukifungua kwa muda mfupi sana. Kwa miaka zaidi ya ishirini kanuni hizo zilikuwa siri, na usiri huo uliitwa usalama. Ofisa manunuzi wa nchi yoyote ya upande wetu anayeletewa kipeperushi kinachosema "salama kabisa" anayo sasa sababu ya kuuliza: salama dhidi ya nani?

Majirani wamelipia somo jingine. Septemba 21, 2013 magaidi walivamia jengo la Westgate, Nairobi, na kuua watu 67. Polisi wa kikosi maalumu na wanajeshi waliingia jengo lilelile bila mawasiliano ya pamoja, na risasi za upande mmoja zikampata ofisa wa upande wa pili. Novemba mwaka uliofuata serikali ya Kenya ilisaini na Safaricom mkataba wa takriban shilingi za Kenya bilioni 15 wa mtandao wa mawasiliano na kamera za polisi, kuanzia Nairobi na Mombasa. Kufumba mazungumzo ni rahisi kuliko kukubaliana nani apewe ufunguo. Kila chombo kikijifungia, siku ya balaa watakutana mlangoni wakiwa wameshika redio za gharama zisizosemezana.

Na Nemba? Dijitali iliyofumbwa imefika, ila haikupitia njia iliyochorwa. Haikuja na zabuni. Ilikuja mfukoni mwa muuguzi, mtendaji wa kata na askari, ndani ya simu walizonunua kwa mshahara wao. Aprili 2016 WhatsApp iliweka usimbaji fiche kwenye ujumbe na simu za watumiaji wake wote. Kwa usiku mmoja kundi la mtandaoni la watumishi wa kata likawa na kufuli ambayo jeshi la mwaka 1978 lingeitamani. Hakuna aliyewaomba wafanye mabadiliko, na wengi hawakujua kwamba yametokea. Redio ya kituo ilibaki ukutani, na kazi ikahamia kwenye kiganja.

Uhamaji huo hauna daftari. Mtumishi akihamishwa wilaya, anaondoka na namba yake na mazungumzo yote. Vocha ikiisha, dharura inasubiri vocha. Na mnara ukizimika, kufuli nzuri kiasi gani haisaidii. Mei 2023 Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulisaini na kampuni za simu mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 nchini. Hesabu hiyo peke yake inaonyesha kata ngapi zilikuwa zikisikika kwa shida.

Mahali ambapo serikali imeipanga dijitali ya dharura kwa makusudi ni kwenye uzazi. Mpango wa m-mama, uliojaribiwa kwanza Kanda ya Ziwa, Shinyanga ikiwamo, ulizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2022 ili uenee nchi nzima. Mama mwenye uchungu uliokwama, au aliye naye, anapiga 115 bila malipo. Muuguzi katika kituo cha uratibu anauliza maswali kwa utaratibu uliomo kwenye kompyuta, nayo inamwonyesha kituo cha afya kinachofaa na gari lililo karibu. Kama gari la wagonjwa halipo, anaitwa dereva wa kijijini aliyesajiliwa, na nauli yake inaingia kwenye simu akishamfikisha mgonjwa. Ni kazi ileile ya chumba cha redio, tofauti ni kwamba safari hii hakuna mwingine anayesikia.

Kutosikika kuna bei yake. Januari 14, 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa limepata taarifa za watu 9 wa Kagera walioshukiwa kuwa na virusi vya Marburg, 8 wakiwa wameshafariki. Siku hizohizo Waziri wa Afya wa wakati huo, Jenista Mhagama, alisema vipimo havikuonyesha ugonjwa. Januari 20, akiwa Dodoma pamoja na mkuu wa shirika hilo, Tedros Adhanom Ghebreyesus, Rais alithibitisha kwamba Marburg imo Biharamulo. Mlipuko ulitangazwa kwisha Machi 13. Walihesabiwa wagonjwa 10, wawili kati yao wakiwa wamethibitishwa maabara, na wote 10 walikufa. Katika wiki ile ya Januari watumishi walikuwa na makundi yao yaliyofumbwa, wakubwa walikuwa na yao, na mkulima wa Biharamulo alikuwa na uvumi. Siri ya jina la mgonjwa ni haki yake. Siri ya kuwapo kwa ugonjwa ni jambo jingine kabisa, na mtambo haujui kuzitenganisha.

Mkoa huu ulikwisha kuonyeshwa pia kwamba wa kwanza kufika mara nyingi hana redio ya aina yoyote. Novemba 6, 2022 ndege ya Precision Air yenye watu 43 ilianguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba. Wavuvi walifika kwa mitumbwi yao kabla ya vikosi. Watu 24 walitoka hai.

Barabara ya Lusahunga hadi Rusumo leo ina lami na malori ya Rwanda usiku na mchana, na mapori yaliyotisha yameunganishwa tangu 2019 kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yenye askari wake na mawasiliano yake. Lori likipinduka na kuwaka moto, namba ni 112 kwa polisi, 114 kwa zimamoto na uokoaji, na 199 kwa kituo cha simu cha Wizara ya Afya. Anayeshuhudia hukumbuka moja, au hakumbuki hata moja. Basi humpigia mwenyekiti wa kitongoji, mwenyekiti humpigia mtendaji, na mtendaji anayo namba ya OCD, mkuu wa polisi wa wilaya.